Bolti ya Nusu Inchi: Mazungumzo na Vikundi Vyenye Injini



Tumeombwa tuseme juu ya vipuri, maana vikundi vingi huku Njoro, Subukia na Rongai vinajiundia injini ya kisiagi: bodi imetoka kwa mzee fulani, gurudumu kwingine, puli imekerezwa na fundi wa jua kali Nakuru. Ni kazi nzuri. Lakini pesa hupotelea kwenye vitu vidogo, na sisi yalitupata.

Tulikuwa na Lister ya zamani, ile ya nguvu za farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika. Ilikosa bolti mbili. Tukamtuma kijana mjini mikono mitupu, akaombe "nusu inchi". Akapewa ya milimita 12, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Iliingia mizunguko miwili ikagoma. Badala ya kusimama, tukaongeza spana ndefu (kesho yake ilikuwa siku ya soko!) na thredi za bodi zikafa. Kutoboa tundu na kulikata upya kulitugharimu kuliko bolti ishirini.

Sababu ni hii. Lister hiyo ni ya Uingereza, na bolti zake ni za inchi, aina ya Whitworth. Nusu inchi ni milimita 12.7, na katika urefu wa inchi moja utahesabu thredi 12. Ile ya milimita 12 ya kawaida ina zaidi ya 14. Rula ya mtoto wa shule inatosha kuhesabu. Injini nyingi za Kichina ni za milimita, kwa hiyo ukichanganya bodi na vipuri, hesabu kila tundu.

Mabomba ya maji ya kupoza injini nayo yana ujanja wake. Bomba linaloitwa la nusu inchi lina upana wa nje wa milimita 21 hivi. Usipime ukaomba "karibu inchi moja". Utarudi na lisiloingia.

Siku hizi, kabla ya nauli ya kwenda Nakuru au Kirinyaga Road, Nairobi, tunatuma watu wawili, fundi na mweka hazina. Wanabeba kipuri cha zamani pamoja na nati yake. Hapo kaunta, nati izungushwe kwa vidole hadi mwisho wa bolti mpya. Ikikwama, pesa zinabaki mfukoni.