Nani Amelipia Tangazo? Vikundi vya Utetezi katika Kesi ya Microsoft



Juni 1999, wasomaji wa New York Times na Washington Post walikuta ukurasa mzima wa tangazo: barua ya wazi iliyotiwa saini na wanazuoni 240, wakidai kwamba kesi za kudhibiti ukiritimba huwaumiza walaji badala ya kuwalinda. Mwenye tangazo alikuwa Independent Institute, asasi ya utafiti ya California. Wakati huo serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa walikuwa mahakamani na Microsoft, wakiituhumu kuutumia ubabe wa Windows kukizima kivinjari cha Netscape. Septemba ya mwaka huohuo, New York Times liliripoti kwamba gharama za tangazo lile, zaidi ya dola 150,000, zilikuwa zimelipwa na Microsoft.

Watu wakahukumu papo hapo: mkono mtupu haulambwi, basi na hoja nayo imenunuliwa. Naomba tusiende mbio hivyo.

Mwaka huo asasi hiyohiyo ilichapisha kitabu cha wachumi Stan Liebowitz na Stephen Margolis kilichoitetea Microsoft. Mzizi wa hoja yao, kwamba bidhaa mbovu hailitawali soko kirahisi eti kwa sababu tu ilitangulia, walikuwa wameuchapisha tangu 1990 walipochunguza mpangilio wa herufi za taipureta. Kesi ilifunguliwa Mei 1998. Fedha iliikuta hoja ikiwa na umri wa miaka minane. Mimi siikubali yote, lakini dawa yake ni kuijibu.

Upande wa pili alisimama Robert Bork. Kitabu chake cha 1978 kilikuwa kimewafundisha majaji wa Marekani kuzitilia shaka kesi za namna hii, na sasa alikuwa akiitetea Netscape na ProComp, muungano uliofadhiliwa na mahasimu wa Microsoft. Kigeugeu? Mwenyewe alikana, akaegemea hukumu ya 1951 dhidi ya Lorain Journal, gazeti la Ohio lililokataa matangazo ya wafanyabiashara waliothubutu kutangaza pia kwenye redio ya jirani. Ukikifungua kile kitabu cha 1978, utakuta hukumu hiyo ameiunga mkono humo humo. Alilipwa, ndiyo, lakini alichokisema kilikuwa na mahali pa kukaguliwa. Na mwaka 2001 majaji saba wa rufaa, kwa kauli moja, walikubali kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, ingawa walitengua amri ya kuigawa kampuni.

Kinachonisumbua ni maficho. Agosti 2001, Los Angeles Times lilieleza jinsi vikundi vilivyopata fedha za Microsoft vilivyoendesha kampeni ya barua kwa wanasheria wakuu wa majimbo. Wananchi walipigiwa simu. Aliyeonekana kukubali aliandikiwa barua, akapelekewa na bahasha yenye stempu. Barua zilitofautishwa kwa makusudi zisifanane, ila sentensi zilezile zikawa zinachungulia humu na humu. Mbili zilizomfikia Mark Shurtleff, mwanasheria mkuu wa Utah, zilikuwa na majina ya marehemu. Jamaa zao walikuwa wameyakata kwa kalamu na kutia saini zao. Hapo hakuna cha kukagua. Kiongozi anadhani anasikia wapiga kura wake, kumbe anasikia ofisi moja.

Mahasimu nao hawakuwa malaika. Mwaka 2000 ilibainika kwamba Oracle ilikuwa imekodi wapelelezi kuvichunguza vikundi hivyo, na wasafishaji wa ofisi ya kimojawapo jijini Washington waliahidiwa fedha wauze takataka. Wakakataa. Larry Ellison, mkuu wa Oracle, aliutetea upelelezi huo hadharani kana kwamba ni huduma kwa umma. Lakini hebu fikirini: kama ufadhili ungeandikwa chini ya kila tangazo, nani angehangaika na mapipa?

Shauri lilipofikia suluhu, sheria ya Tunney ya 1974 iliutaka umma utoe maoni. Yalimiminika zaidi ya 30,000. Wizara ya Sheria iliyapepeta na kutenga 47 tu iliyoyaona yana uchambuzi wa kina. Katika hayo 47 yalikuwamo ya ProComp, ambayo wafadhili wake walijulikana na ambayo hakuna aliyedhani haina upande; serikali ikalazimika kuyajibu hoja kwa hoja.