Shoka la Yosia na Mitende ya Hekalu



Wasomaji wengi wa Biblia wamezoea kuigawa miti yake mafungu mawili: mitakatifu, kama ile ya Edeni, na ya kipagani, ambayo manabii waliilaani na wafalme wema wakaikata. Mgawanyo huo unapendeza mimbarani, lakini maandiko yenyewe hayaukubali. Mti ulioheshimiwa na mti uliokatwa mara nyingi ulikuwa wa aina moja, ulisimama mahali pamoja, na hata ulichorwa kwa mtindo mmoja. Kilichobishaniwa ni kama mti una nguvu zake wenyewe za kuombwa, ama unasimama kama shahidi wa neno lililonenwa na mwingine. Nitadai jioni hii kwamba ishara kubwa za mti katika historia ya Biblia zimekuzwa na ubishi huo, na bila shoka la wafalme tusingekuwa nazo.

Tuanze na mababu. Ibrahimu alipoingia Kanaani alisimama kwanza Shekemu, penye mwaloni wa More, na hapo ndipo alipoahidiwa nchi na kujenga madhabahu. Akahamia penye mialoni ya Mamre, karibu na Hebroni, akajenga nyingine. Huko Beer-sheba akapanda mkwaju na kuliitia jina la Bwana. Mwandishi wa Mwanzo anayasimulia haya bila kuona haya hata kidogo. Shekemu hiyohiyo, Yakobo alifukia miungu ya kigeni ya watu wa nyumbani mwake chini ya mwaloni, na Yoshua akasimamisha jiwe la agano chini ya mwaloni uliokuwa penye patakatifu. Debora naye aliamua kesi za watu chini ya mtende. Kisha fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 12 na ya 16: mahali pa ibada chini ya miti mibichi paharibiwe, wala mti wowote usisimikwe kando ya madhabahu. Kwa sheria hiyo Ibrahimu mwenyewe ana kesi ya kujibu.

Wala sheria hiyo haikuwalenga majirani peke yao. Mwaka 1975 na 1976, Ze'ev Meshel wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alichimbua Kuntillet Ajrud, kituo kilichoko jangwani kaskazini mwa Sinai na kilichotumika karibu na mwaka 800 K.K. Humo vilipatikana vipande vya mitungi miwili mikubwa yenye baraka zilizoandikwa kwa jina la Yahwe pamoja na Ashera wake. Wataalamu bado wanabishana kama Ashera huyo ni mungu wa kike au ni nguzo ya mti iliyosimikwa penye ibada. Kwa hoja yangu jibu lolote latosha, maana kwa vyovyote vile kitu chenye uhusiano na mti kinatajwa sambamba na Yahwe na watu waliomwomba Yahwe. Kwenye mtungi mmoja umechorwa mti, mbuzi-mwitu wawili wameuelekea huku na huku wakila majani, na chini yake simba anatembea. Kwa hiyo wafalme wa Yuda, Hezekia, na baada yake Yosia mnamo mwaka 622 K.K., walipoinua shoka, walikata kitu kilichokuwa ndani ya nyumba yao. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasema wazi kwamba Ashera iliyochomwa penye kijito cha Kidroni ilitolewa ndani ya Hekalu la Yerusalemu.

Hapa pana jambo ambalo halijatazamwa vya kutosha. Hekalu hilohilo lilijengwa kwa mierezi ya Lebanoni aliyoitoa Hiramu mfalme wa Tiro, na kuta zake zilinakshiwa makerubi, mitende na maua yaliyochanua. Kinara cha taa kinachoelezwa katika Kutoka 25 ni mti mtupu: shina, matawi sita, na vikombe vyenye umbo la maua ya mlozi. Orodha ya vitu alivyovunja Yosia ni ndefu, ina mpaka farasi na magari ya jua, lakini mitende ya ukutani haimo. Naye Ezekieli, kuhani aliyekuwa uhamishoni Babeli na adui mkali wa ibada za chini ya miti, alipoonyeshwa Hekalu jipya aliiona mitende ileile. Kila mtende uko kati ya makerubi wawili, na kila kerubi ana nyuso mbili: wa mtu unautazama mtende wa upande huu, wa mwanasimba unautazama mtende wa upande wa pili. Mti katikati, viumbe wawili ubavuni, simba hayuko mbali: umbo hili limefanana mno na mchoro wa ule mtungi. Tofauti iko katika kazi ya mti. Mtungini mti unaliwa. Ukutani unatazamwa na walinzi. Mwishoni mwa Mwanzo sura ya 3, makerubi wanawekwa kuilinda njia ya mti wa uzima, na kwangu mimi bustani ile na ukuta ule ni picha moja. Inasema kwamba uzima upo na unaonekana, ila haununuliwi kwa kafara ya mbuzi.

Kuna watakaosema yote haya ni hali ya hewa tu: nchi ina jua kali, kwa hiyo watu waliheshimu kivuli. Nabii Hosea mwenyewe anakiri kwamba walitoa kafara chini ya mialoni kwa sababu kivuli chake ni kizuri. Nakubali nusu. Lakini Ashuru, yenye mto Tigri, nayo ilikuwa na mti wake: katika jumba la Ashurnasirpal wa Pili huko Nimrud, karne ya 9 K.K., mfalme amechongwa mara mbili, mmoja kila upande wa mti mtakatifu. Hata tukisema jua ndilo lililofanya mti uheshimiwe, halielezi kwa nini watu wa nchi moja waliupenda na wakaukata.

Isaya 44 inamcheka seremala anayekata mti, nusu anaoka mkate na kuchoma nyama, anasema amepata joto, kisha kipande kilichobaki anakichonga na kukisujudia. Ni kejeli tamu, japo haimtendei haki mpinzani, kwani sidhani kama mwabudu Ashera yeyote aliona kuni na mungu ni kitu kimoja. Lakini kitabu hichohicho kinaweka tumaini kwenye kisiki, na kwenye chipukizi linalotoka katika shina la Yese. Wababeli walipolichoma Hekalu mwaka 586 K.K. na ukuta wa mitende ukaanguka, picha hizo zikapata uzito mpya, kwa sababu hazikuhitaji jengo. Mti ukawa taifa lililosalia; katika Zaburi ya 1 ni mtu mmoja mwenye haki kando ya maji. Ayubu peke yake anagoma. Mti uliokatwa una tumaini la kuchipuka, asema, mwanadamu hana. Nafurahi kwamba sura hiyo haikufutwa.

Pingamizi la pili linahusu msalaba, nalo ni zito zaidi: kwamba kuuita msalaba mti ni ufundi wa wahubiri wa baadaye. Ushahidi unasema vingine. Kumbukumbu la Torati 21 linasema aliyetundikwa mtini amelaaniwa, na Hati ya Hekalu iliyopatikana Qumran ilikwisha kuitumia sheria hiyo kwa wasaliti wa taifa kabla Ukristo haujaanza. Paulo, anapoandika katika Wagalatia 3 kwamba Kristo alichukua laana hiyo, anashika hoja ya Kiyahudi iliyokuwa hai. Ila mti huo ni wa aibu. Kuufanya mti wa uzima ni hatua nyingine, ambayo mababa wa Kanisa waliikamilisha, na ni haki kuitenganisha na hoja ya Paulo. Ufunuo wa Yohana unaupanda mti wa uzima katika mji ambao, kwa maelezo ya kitabu hicho, hauna hekalu.

Je, ubishi ulikwisha? Mamre yatujibu. Karne ya 5 B.K., mwanahistoria wa Kanisa Sozomeno aliandika juu ya sikukuu ya kila kiangazi mahali hapo, iliyowakusanya Wayahudi, Wakristo na wapagani. Watu walitupa kisimani divai, mikate, sarafu na uvumba, hata maji yakawa hayanyweki siku zote za sherehe. Kaisari Konstantino alipopata habari za ibada hizo kutoka kwa mama mkwe wake Eutropia, aliwaandikia maaskofu wa Palestina kwamba sanamu zichomwe, madhabahu ibomolewe na kanisa lijengwe. Mwanaakiolojia Evaristus Mader alipochimba pale kati ya mwaka 1926 na 1928, alikuta misingi ya kanisa hilo ndani ya uzio uleule wa kale wa ibada. Barua ya Konstantino, kama mwanahistoria Eusebio alivyoihifadhi, inautaja mwaloni, lakini haiagizi ukatwe.