Mama Akilemewa na Wiki Mbaya

Nawasalimu mama zangu na dada zangu wa Amu, Shela na Matondoni, wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, wa Ndau na Kiwayu, na nyinyi wa upande wa bara, Mokowe, Hindi na Mpeketoni. Nawasalimu pia bibi na shangazi mnaolea watoto wa wenzenu, maana mazungumzo haya yanawahusu vile vile. Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala malaria. Tunazungumza juu ya wiki mbaya.

Nyote mwaijua. Kusi imeshika, bahari imechafuka na mashua imelala pwani siku ya nne. Mtoto wa pili ana homa. Maji ya jabia yamekwisha, na ya kisimani yana chumvi. Baba yuko Mombasa au yuko Uarabuni kwa kazi, na pesa alizosema atatuma Jumatatu hazijafika hata Alhamisi. Skuli wanadai. Mavyaa ametamka neno la kuchoma mbele ya wageni. Na mtoto mchanga wa miezi miwili halali usiku. Ukiyatazama moja moja, hakuna la kumwangusha mtu hapo. Yakija yote kwa pamoja, mama hujikuta analia jikoni, na akiulizwa ana nini, husema, "Ni moshi tu."

Sisi watu wa visiwani twajua kusaidiana msiba ukionekana. Faza ilipoungua mwaka 2009, hakuna aliyehitaji kueleza kwamba ameumia. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kulikuja kafyu, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka. Shida ile ilikuwa ya nyumba nyingi, na watu waliisema wazi. Wiki mbaya ya mama mmoja haipigiwi mbiu. Hubaki ndani ya kuta nne, na kesho yake mama huyo hutoka na buibui lake, huuliza hali za wenzake na akiulizwa yake hujibu, "Salama."

Mwili hauiamini hiyo "salama". Mtu akiwa na wasiwasi, mwili hujiandaa kama aliyeona nyoka: moyo huenda mbio, pumzi hufupika, shingo na mabega hukaza. Nyoka akiondoka, mwili hutulia. Lakini deni la dukani haliondoki kama nyoka, basi mwili hukaa umekaza mchana na usiku. Ndipo huja kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, chakula kukosa ladha, usingizi kukatika saa nane za usiku, na hasira kubwa juu ya mtoto aliyemwaga uji kidogo. Akina mama wengi huja kliniki wakiomba dawa ya kichwa au wakisema wana presha. Twapima presha, na ni haki yako kupimwa. Ikiwa sawa, usiondoke bado. Mwambie muuguzi nyumbani kukoje.

Hapa naomba niseme jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wasilipende. Mama akisema "nimechoka", jibu letu la haraka ni "subiri", au "wenzako wana makubwa zaidi". Subira ni jambo jema na mimi siipingi. Lakini kusubiri si kunyamaza. Mtu aweza kusubiri huku akisema yanayomuuma. Ukimwambia asubiri kabla hujamsikia, unachomfundisha ni kwamba siku nyingine asije kwako.

Kuzungumza kunasaidia, na hilo limepimwa. Kule Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, jijini Harare, kuwafunza bibi wazee kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Sisi hapa twasema mtu "ana mawazo". Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi wale walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wale si madaktari. Waliuliza, wakasikiliza, kisha wakamsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Sioni kwa nini sisi tusitumie ukili wetu kama benchi ile. Wanawake wakikaa uwani wakisuka, mikono ina kazi na macho yako chini, na jambo zito huwa jepesi kulisema bila kutazamana.

Basi ukitaka kutoa dukuduku, mtafute mtu mmoja. Nasema mmoja. Ukilisimulia jambo lile lile kwa watu saba, kila mara unalichochea upya, na jioni unalala na hasira kubwa kuliko ya asubuhi. Mtafute ambaye hujawahi kusikia kwake siri ya mwingine, kwa sababu anayekuletea za wenzako atapeleka zako. Mwambie mwanzoni unataka nini: "Leo nisikilize tu," au "Nataka unisaidie kufikiri." Mambo haya mawili ni tofauti, na ugomvi mwingi wa ndugu huanzia hapo, mmoja ataka sikio na mwenzake ampa hotuba. Kisha ukimaliza kusema, chagua jambo moja la kesho. Pengine ni kumpigia mwenye duka na kumwomba siku tano. Pengine ni kumwomba wifi akae na mchanga kuanzia alasiri hadi magharibi ulale. Kulala ni dawa pia.

Jihadhari na kutuma sauti kwa simu ukiwa na hasira, hasa kwenye kikundi cha WhatsApp. Sauti ikishatoka hairudi, na katika visiwa hivi itakuwa imemfikia mavyaa kabla ya adhana ya magharibi. Na tafadhali usimfanye binti yako wa miaka tisa kuwa msiri wako. Mtoto huubeba mzigo ule lakini hana pa kuutua. Mwambie tu, "Mama amechoka leo, si kosa lako."

Wewe unayesikiliza nawe una kazi. Kaa chini. Weka simu kando. Usimkatize kwa kisa chako. Muulize, "Jambo gani limekuelemea zaidi?" kisha nyamaza. Asikupe mtu jina la msiri kisha mazungumzo yale yakaonekana kisimani. Akina baba mnaotusikiliza barazani, hamhitaji pesa kufanya hili. Aliye mbali akipiga simu aulize hali ya mama mwenyewe kabla ya kuuliza ya watoto.

Nataka nikae kidogo juu ya mama mzazi, yaani aliyejifungua karibuni. Siku arubaini za kwanza huwa hakosi watu: akandwa, apikiwa uji wa pilipili manga, aogeshewa mtoto. Arubaini ikitoka, watu nao hutoka. Mama hubaki na mtoto, vyombo na usingizi wa vipande vipande. Mimi naona wiki zile za baada ya arubaini ndizo za kuangaliwa sana, na wale waliokuja na zawadi siku ya saba wafanye hesabu ya kurudi siku ya hamsini na chungu cha mchuzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 16 kati ya 100 wakiwa wajawazito, na karibu 20 kati ya 100 baada ya kujifungua, hupata ugonjwa wa nafsi, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Basi ikikupata, wewe si wa kwanza wala hukulogwa.

Wengine huambiwa maziwa ya mama mwenye huzuni yameharibika, wakaacha kunyonyesha. Hayaharibiki. Wasiwasi waweza kuyachelewesha kushuka, kwa hiyo keti pahali tulivu, egemea, pumua taratibu, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mpe ziwa. Yatashuka.

Na kuna saa moja ngumu ambayo akina mama huona haya kuisema. Mtoto amelia saa mbili mfululizo, na mkono wako umeanza kuwaka. Usimtikise mtoto kamwe, hata kwa mzaha, kwa kuwa ubongo wake ni laini na huvuja damu. Mlaze chali kwenye mkeka, mbali na jiko na maji, toka mlangoni uvute pumzi dakika chache, kisha mwite jirani. Kilio cha dakika tano hakimdhuru mtoto anayelazwa salama.

Sasa utajuaje kwamba hii si wiki mbaya tena bali ni ugonjwa? Wiki mbaya ina mapumziko ndani yake. Mwenzako akikuchekesha unacheka, mtoto akipona moyo unarudi, pesa zikifika unalala. Ikiwa huzuni au kukosa raha kumekuwapo karibu kila siku kwa wiki mbili, ikiwa huna hamu ya chakula wala ya mtoto, ikiwa mtoto amelala na wewe huwezi kulala, njoo kliniki. Njoo na kitabu chako cha kliniki kama siku nyingine yoyote. Hakuna atakayejua umekuja kwa lipi. Huenda ukaulizwa maswali kumi yaliyotungwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1987 na Dkt. John Cox na wenzake. Kabla ya hapo, daktari huyo alikuwa amechunguza hali za akina mama waliojifungua nchini Uganda. Maswali yote huuliza juu ya siku saba zilizopita. Jibu ulivyohisi, usijibu kama anavyojibu mgeni barazani. Na ikiwa muuguzi wa kijijini kwako ni wifi yako au jirani, unaruhusiwa kwenda kituo cha kisiwa kingine.

Usinunue vidonge vya usingizi dukani wala usimeze vya jirani. Kuna dawa za sonona ambazo mama aweza kuzitumia huku akinyonyesha, lakini huandikiwa na daktari.

Yapo mambo yasiyongoja siku ya kliniki. Mama aliyejifungua akianza kusikia sauti wasizosikia wengine, akakaa siku mbili au tatu bila kulala wala kuhisi uchovu, akasema maneno yasiyoshikana, au akawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake, wala usimwache peke yake na mtoto. Mtafutie boti siku hiyo hiyo, iwe ni Faza au Amu, popote palipo na daktari karibu. Familia ikitaka asomewe, asomewe njiani. Kisomo na hospitali havigombani. Wala msifiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji kinakwenda kinyume cha Katiba. Huyo ni mgonjwa, na atapokewa kama mgonjwa.

Ikiwa bahari ni mbaya na huwezi kusafiri, au huna wa kumwambia, piga simu 1199, ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya na haina malipo. Ikiwa kinachokuliza ni kupigwa au kutishwa nyumbani, piga 1195, nayo pia ni bure. Narudia kwa aliyekuwa akitafuta kalamu: 1199 kwa aliyelemewa, na 1195 kwa anayepigwa. Wassalaam aleikum.