Kifundo Kimeteguka: Leza au Barafu?

Juzi mmoja wenu aliniuliza: "Dada, eti kuna taa ya leza inayoponya mguu ulioteguka?" Swali zuri, tena linagusa mfuko wa mzazi.

Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Hungaria alimulika panya walionyolewa, akitaka kujua kama mwanga huo unaleta saratani. Saratani hakuiona, ila manyoya yaliota upesi! Basi watu wakaanza kumulika vidonda na viungo. Leza hii ni hafifu, haikati wala haichomi.

Na mguu ulioteguka je? Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 217 walioteguka kifundo. Wengine walimulikwa kweli, wengine kwa leza ya uongo. Ile ya kweli haikuwasaidia zaidi. Kwa hiyo usikimbilie kutoa hela.

Umeteguka kwenye mpira au netiboli? Acha kucheza. Viringisha barafu kwenye kitambaa, weka kama dakika 15, funga bandeji, inua mguu. Na jamani, asije bibi wala kocha akauchua na kuuvuta siku hiyo hiyo! Ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo ukibonyezwa unauma sana, nenda hospitali ukapige picha ya eksirei, huenda umevunjika.

Uvimbe ukipungua, anza kusimama kwa mguu mmoja kidogo kidogo, hata wakati unapiga mswaki.