Nyumba na Kihenge: Hotuba kwa Wazazi na Walimu wa Ufipa



Desturi ya yubilei ni kuhesabu. Twahesabu miaka, makanisa, shule, mapadri na masista, nasi twafanya vema kumshukuru Mungu kwa ajili ya hayo yote. Lakini liko jengo moja lililo gumu kulihesabu, kwa kuwa halina kengele wala jiwe la msingi lenye tarehe. Jengo hilo ni nyumba ya mume na mke. Leo twataka kusema habari zake, kwa maana hayo mengine yote yamesimama juu yake.

Tuanze pale jimbo letu lilipoanzia, yaani Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako Mapadri Weupe walifika mwaka 1885. Miaka michache baadaye alifika huko Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Afrika ya Magharibi, aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akafundishwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Wengi wamjua kwa kazi yake ya katekista na mponya wagonjwa, aliyoifanya mpaka kufa kwake mwaka 1956. Lakini mtu huyo alipofika Karema hakuwa na ukoo hata mmoja katika nchi hii. Aliupataje? Kwa kuoa. Alimwoa Wansahira, binti wa mtawala wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padri. Tazameni basi: mtu aliyenyang'anywa kwao, ndoa ilimpa kwao kwingine.

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa na fikira iliyo karibu na hiyo, hata kabla ya misioni kuja. Mabaki ya matanuru yao ya chuma yangali yakionekana katika nchi yetu, marefu kupita kimo cha mtu. Wafua chuma walilifananisha tanuru na bibi arusi, wakalipamba hivyo. Na siku zote za kazi walijizuia wasilale na wake zao. Mila hizo zimepita, wala hatutaki kuzirudisha. Lakini twaona maana iliyokuwamo: ya kwamba jembe, linalolisha watu wote, latoka katika agano lenye miiko, na mtu asiyeweza kujizuia hafai kukabidhiwa uzazi wa kitu chema.

Sasa tuseme jambo linalotuchoma moyo. Nchi yetu ni nchi ya chakula. Malori hupakia mahindi ya Sumbawanga kwenda kulisha watu wa mbali, na maharage na ulezi pia hustawi kwetu. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao hakikufikia kimo cha umri wao. Hii si njaa ya ukame. Mvua imenyesha, kihenge kimejaa, na mtoto amedumaa kando yake. Basi yatupasa kuuliza: kuna nini kati ya kihenge na kinywa cha mtoto? Kuna nyumba.

Tuitazame nyumba hiyo bila kumtaja mtu. Mama mja mzito hulima mpaka karibu na siku ya kujifungua. Akiisha kuzaa hurudi shambani upesi, na mtoto huachwa mikononi mwa dada yake mdogo. Uji wa mahindi matupu hupikwa alfajiri, naye mtoto huunywa umepoa mchana kutwa. Maharage, karanga na mayai vimekwenda sokoni. Fedha yake i mfukoni mwa baba, wala mama hajui hesabu yake. Madaktari wafundisha ya kuwa siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hata mtoto atimize miaka 2, ndizo zinazojenga mwili na akili. Hasara ya siku hizo ni vigumu kuirudisha. Nanyi walimu huwapokea watoto hao darasani miaka michache baadaye, na yamkini huwaita wavivu.

Katika sehemu nyingi za Tanzania watu husema ya mtoto aliyedhoofika kwamba amebemendwa, maana yake wazazi wamevunja mwiko wakati wa kunyonyesha, na aghalabu baba kwa kutoka nje ya ndoa. Elimu ya madaktari haikubali ya kuwa mtoto hudhoofika kwa njia hiyo. Tena neno hilo lina madhara, kwani mama huweza kuona haya, akachelewa kumpeleka mtoto zahanati. Walakini tusilicheke lote. Wazee waliona ya kuwa mwenendo wa wazazi huandikwa katika mwili wa mtoto. Sababu waliikosea, bali jambo lenyewe waliliona. Baba mwenye nyumba ya siri hugawa kihenge kimoja kwa vyungu viwili, na baba mlevi hukinywa; na anayelipa deni hilo ni yule asiyejua bado kusema.

Hapo twawafikia ndugu zetu wanaokaa pamoja bila ndoa. Hatukusudii kuwaaibisha. Twajua wengine walianza hivyo kwa kuwa mahari ilitajwa kubwa mno, na wengine kwa kuwa mimba ilitangulia. Lakini twawauliza kwa upendo: kihenge chenu ni cha nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi, hata watu wakawahesabu kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana. Hiyo ni rehema ya sheria, lakini dhana huweza kupingwa. Mwanamke aliyelima misimu mitano, kisha akafukuzwa, atakwenda barazani kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Aliyeoa mbele ya mashahidi amemwondolea mwenzake mzigo huo tangu siku ya kwanza.

Wala cheti peke yake hakitoshi. Sheria hiyohiyo yakataza mume kumpiga mke na mke kumpiga mume. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali ya kuwa kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Basi asiwepo mume wa kusema, "Mahindi haya ni yangu." Aliyepika, aliyebeba maji na aliyelea mtoto amelima pia.

Kwa hiyo twawasihi. Enyi wazazi wa mabinti, mahari iwe heshima, isiwe ukuta wa kuwazuia vijana mlango wa ndoa. Enyi walimu, mlindeni binti darasani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka ya kuwa vifungu vya sheria vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha neno hilo mwaka 2019. Mama aliye mtoto bado atawezaje kulea mtoto mwingine?

Nanyi waume na wake, twawapa kazi moja ndogo. Mavuno yajayo, kabla mnunuzi hajafika, simameni wawili mbele ya kihenge. Hesabuni pamoja. Tengeni kwanza fungu la mtoto: mahindi, maharage, karanga, na fedha ya mayai na maziwa. Kisha kinachobaki kiuzwe, na fedha ihesabiwe mezani, nyote wawili mkiona. Mkifanya hivyo, watoto wenu watakua wakijua kwa macho yao maana ya ndoa, kabla ya mwalimu yeyote kuwaambia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa twauona, na tuuzibe ungali mdogo. Mungu azibariki nyumba zetu zote, kubwa na ndogo, za bondeni Rukwa na za uwandani Ufipa.