Mzio unaoanza ukubwani

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa Machi na mwezi Aprili, chafya husikika katika mitaa ya Brussels. Hata Matonge, kitongoji cha Ixelles kilichopewa jina la kitongoji cha Kinshasa, hawakosekani watu wazima wanaofuta machozi, ilhali walipokuwa Bukavu au Goma hawakuujua mzio. Miaka yao ya kwanza Ulaya walipita chini ya miti ileile bila kudhurika. Kwa nini basi maradhi haya yawapate sasa?

Jibu limo katika namna kinga ya mwili inavyojifunza. Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna, kueleza mwili uliobadilika baada ya kukutana na kitu. Mara ya kwanza mtu huwa hahisi lolote. Mwili hukidhania kitu hicho kuwa adui, ukaunda kingamwili ziitwazo imunoglobulini E, ambazo hujishikiza kwenye seli maalumu za pua, macho, mapafu na ngozi. Kitu hicho kirudipo, seli hizo humwaga histamini: pua ikatiririka, macho yakawasha, kifua kikabana.

Mjini Brussels, chanzo kikubwa wakati wa machipuko ni chavua ya betula, mti wenye gome jeupe. Baada yake, tangu Mei hadi Julai, huja chavua ya nyasi. Betula haioti katika misitu ya asili ya Kivu. Mwili wa mgeni huanza kuifahamu siku anapowasili, na huenda ikapita misimu kadhaa kabla ya chafya ya kwanza. Wenyeji nao hawasalimiki: mwokaji avutaye vumbi la unga, au muuguzi avaaye glavu za mpira, aweza kupata mzio mpya akiwa na umri wa miaka 40 au 60.

Wapo pia ambao, baada ya kupata mzio wa betula, huwashwa mdomo walapo tufaha bichi, kwani protini zake zafanana na za chavua hiyo. Likipikwa, aghalabu haliwadhuru.

Wengi hudhani wana mafua. Lakini mafua kwa kawaida huisha baada ya wiki moja au mbili. Mzio hudumu kwa majuma mengi, bila homa, ukarudi msimu uleule. Daktari aweza kuuthibitisha kwa kipimo cha ngozi au damu, na dawa zipo. Taasisi ya afya ya Sciensano nayo hutangaza kiasi cha chavua kilichomo hewani.

Anayekoroma kifuani asipuuze, kwani huenda ikawa pumu. Na koo au ulimi ukivimba, au pumzi ikikatika, hiyo ni dharura. Nchini Ubelgiji, namba ya kupiga ni 112.