Mzungumzaji Mkuu Aajiriwe kwa Kazi, Si kwa Jina

 

Muuza omena wa Mbita akifunga meza yake kwenda kwenye kongamano, tayari amelipa kiingilio. Hakukata tikiti, lakini mauzo ya siku hiyo yamepita. Mkulima wa miwa wa Awendo naye ameliacha shamba, akapanda matatu. Na iwapo ada ya mzungumzaji mkuu inatoka kwenye hazina ya kaunti, watu hawa wamelipa mara mbili. Ndiyo maana uamuzi wa nani aalikwe kuzungumza si jambo la kamati ya maandalizi peke yake. Ni matumizi ya mali ya umma.

Makongamano makubwa hayaishii tena Nairobi, Mombasa na Naivasha. Agosti 2025, Kongamano la Ugatuzi liliwaleta magavana, mawaziri na wageni wengine wengi hadi mjini Homa Bay. Hayati Raila Odinga alipohutubia pale, aligusa swali moja lililo wazi: fedha za maendeleo mashinani zisimamiwe na wabunge au na serikali za kaunti? Wapo waliokubaliana naye na wapo waliompinga, lakini swali lenyewe liliendelea kujadiliwa nchini baada ya mahema kung'olewa. Hiyo ndiyo kazi ya hotuba kuu.

Kwanza, mgeni rasmi asichanganywe na mzungumzaji mkuu. Mgeni rasmi huja kwa sababu ya cheo chake. Hufungua mkutano na kutoa salamu. Mzungumzaji mkuu huja kwa sababu ya anachokijua. Afisa wa Serikali aliyeajiriwa kwa muda wote hawezi kugeuza hotuba kuwa ajira ya pembeni, kwani Kifungu cha 77 cha Katiba kinamkataza kushiriki katika kazi nyingine ya kumletea mapato. Hata zawadi anayopewa hadharani katika shughuli rasmi, kwa Kifungu cha 76, ni zawadi kwa Jamhuri.

Pili, swali litangulie jina. Kamati nyingi huanza kwa kuuliza, "Tumlete nani?" Inafaa zianze kwa kuuliza, "Watu wakirudi nyumbani, wawe wamejua kufanya nini?" Ikiwa mkutano unahusu ufugaji wa samaki katika vizimba ziwani, huenda mwenyekiti wa ufuo aliyewahi kupoteza samaki wake wote na kuanza upya akafaa kuliko mtu mashuhuri wa televisheni. Ikiwa ni kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyatike, afaaye ni yule anayejua hatari ya zebaki na njia za kuipunguza. Mwenye jina kubwa huujaza ukumbi, lakini mwenye ujuzi huwapa watu kitu cha kwenda nacho.

Tatu, sheria ifuatwe. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka huduma iwe ndani ya bajeti na mpango wa ununuzi, na inakataza kuugawa ununuzi vipande vipande ili kukwepa utaratibu. Hivyo basi, ada, nauli na malazi ya mzungumzaji vijumlishwe mapema na kuonekana kama gharama moja.

Nne, maafikiano yaandikwe. Mkataba utaje mada, dakika, lugha, tarehe, nani anagharimia usafiri, kama hotuba itarekodiwa, na itakuwaje mkutano ukiahirishwa au mzungumzaji akikosa kufika. Utaje pia kodi ya zuio: mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya ada ya kitaalamu, na asiye mkazi hukatwa zaidi. Malipo yafuate kazi. Simu ya usiku na ahadi ya mdomo si mkataba.

Tano, hotuba ieleweke. Ukumbini atakuwepo Mjaluo wa Rongo, Mkuria wa Kehancha na Msuba wa Mfangano. Mzungumzaji aambiwe mapema atakuwa mbele ya nani, mkalimani atafutwe, na mkalimani wa lugha ya ishara asisahauliwe.

Kama kuna anayetaka kipimo cha hotuba njema, hahitaji kwenda mbali. Katika kisiwa cha Rusinga limo kaburi la Tom Mboya. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia vyuo na mikutano, na ombi lake kuu lilikuwa wazi: nafasi za masomo kwa vijana wa Kiafrika. Septemba mwaka huo, ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Makofi yaliyopigwa hayakumbukwi na mtu leo. Wanafunzi wale wanakumbukwa.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu kuuliza kwa maandishi mzungumzaji alilipwa kiasi gani na alichaguliwa vipi, na ofisi husika inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Asipotosheka, anaweza kufika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kuuliza hivyo si uchochezi wala utovu wa adabu, kwa maana siku ya muuza omena ina bei, na aliyeichukua anadaiwa jibu.